Habari za Léonard Mpoyi, Mnenaji wa Wachimba Shaba wa Katanga

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za maisha ya watu mashuhuri waliotutangulia: wafalme, waalimu, wasafiri, na watumishi wa Kanisa. Mwezi huu twaleta habari za mtu asiyekuwa na cheo serikalini wala kanisani. Jina lake Léonard Mpoyi. Alikuwa mfanya kazi katika machimbo ya shaba ya Katanga, nchi ya Kongo, naye aliuawa tarehe 9 Desemba 1941 mbele ya wenzake waliomchagua awanenee. Watu wengine hukumbukwa kwa miaka mingi ya matendo yao. Yeye akumbukwa kwa siku saba. Lakini siku hizo saba zina mafundisho kwa kila mtu anayepokea mshahara, na zaidi kwa kila mtu anayeulipa.

Asidhani mtu kwamba habari hizi ni za mbali, hazituhusu sisi wa Ugogo na nchi za bara ya kati. Mwaka wa 1921 Wabelgiji walipewa nafasi katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo ipate njia ya kufika pwani. Reli ipitishayo mizigo hiyo ndiyo hii ipitayo Dodoma. Tena wazee wetu walijua vema maana ya kuacha nyumba na ng'ombe na kwenda mbali kutafuta fedha ya kodi. Walioitwa manamba katika mashamba ya mkonge hawakuwa wageni kwetu, walikuwa watoto wetu. Nasi tulio Walutheri twakumbuka kwamba baba yake Martin Luther, mzee Hans, alitafuta riziki yake katika machimbo na matanuru ya shaba huko Mansfeld. Basi kazi ya shaba si kitu kigeni katika nyumba yetu.

Ili kumfahamu Mpoyi yatupasa kwanza kuifahamu nchi aliyofanyia kazi. Watu wa Katanga walijua kuchimba na kuyeyusha shaba zamani sana, kabla Mzungu hajafika. Walitengeneza misalaba ya shaba, ikatumika kama fedha katika biashara na mahari. Mwaka wa 1906 Wabelgiji waliunda kampani kubwa iitwayo Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka wa 1910 reli itokayo kusini, Rhodesia, ilifika mahali palipoitwa Elisabethville, ambapo leo ni Lubumbashi. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru la kwanza lilianza kumimina shaba. Tangu hapo kampani haikushiba watu. Ilitafuta wafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ikatafuta Kasai na Lomami, ikatafuta hata Ruanda na Urundi. Watu wa lugha nyingi walikutana kambini, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Dodoma akifika Lubumbashi aweza kuuliza njia akajibiwa, ingawa Kiswahili chao kina namna yake.

Hapo mwanzo wafanya kazi waliletwa kwa muda mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa kambini au walitoroka. Kampani ikaona hasara. Kwa hiyo karibu na mwaka wa 1928 ilibadili desturi yake. Ikaanza kuandika watu kwa mkataba wa miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake zao, ikajenga nyumba na hospitali, ikaleta wamisionari wafundishe watoto shuleni. Twakiri kwamba mambo hayo yalikuwa na faida. Watoto wengi walipona ambao wangalikufa, na wengi walijua kusoma. Lakini mambo hayo yalikuwa na upande wa pili. Nyumba ilikuwa ya kampani, posho ilikuwa ya kampani, shule ilisimamiwa kwa shauri la kampani. Mtu akifukuzwa kazi, amefukuzwa nyumba, na chakula, na shule ya watoto wake siku moja. Na mwaka wa 1922 ilikwisha wekwa sheria ya kwamba mtu akivunja mkataba wake wa kazi, amefanya kosa la kupelekwa gerezani. Wakati wa shida kuu ya biashara, mwaka wa 1931 na 1932, maelfu ya watu waliachishwa kazi kwa sababu bei ya shaba ilianguka huko Ulaya. Waliobaki waliona kwa macho yao jinsi mtu anavyoweza kuwekwa na kuondolewa kama chombo.

Jina la Mpoyi ni jina la Waluba wa Kasai. Reli mpya itokayo Elisabethville hadi Port-Francqui ilimalizika mwaka wa 1928, ikapita katika nchi yao, nao wakaja Katanga kwa wingi. Wengi wao walipenda elimu, wakapata kazi zitakazo kusoma na kuandika. Mpoyi alikuwa mmoja wa watu waliosoma, na hii ndiyo sababu wenzake walimtanguliza. Katika kambi yenye maelfu ya watu, anayeweza kuisoma karatasi ya mkataba na kuhesabu faranga za wenzake ni kama taa ndani ya nyumba. Watu humletea barua zao na mashitaka yao, naye huanza kubeba shida za watu wengi kuliko zake mwenyewe. Makatekista wetu wanajua jambo hili bila kufundishwa, maana wao pia wameombwa mara nyingi kusoma barua za serikali na kuandika maombi ya watu.

Kisha vita kuu ya pili ikaja. Mwezi wa Mei 1940 Wajeremani waliingia Ubelgiji, na tarehe 28 ya mwezi huo mfalme wa Wabelgiji alisalimu amri. Kongo ikabaki bila mama yake, ikaungana na Waingereza. Waingereza walitaka shaba nyingi kwa silaha zao. Ikaamriwa shaba ichimbwe usiku na mchana. Wakati huo huo thamani ya faranga ilishuka, bidhaa zitokazo ng'ambo zilikuwa haba, na bei za nguo na vyakula zikapanda. Kazi iliongezeka, lakini ujira haukuongezeka kwa kadiri ya bei. Mtu aliyeweza kumvika mkewe na watoto wake mwaka wa 1939, mwaka wa 1941 hakuweza, ingawa alifanya kazi kwa bidii kupita kwanza.

Tena wafanya kazi wa Katanga walisikia habari za jirani zao. Mwaka wa 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa ajili ya kodi iliyopandishwa. Huko Luanshya askari wakapiga bunduki, wakafa watu 6. Mwezi wa Machi 1940 wachimbaji Wazungu wa nchi ile waligoma, wakaongezewa mshahara. Waafrika walipoona hayo nao waligoma, na mwezi wa Aprili, huko Nkana, bunduki zikalia tena, wakafa watu 17. Kati ya Luanshya na Elisabethville safari si ndefu, na watu wa pande mbili za mpaka walikuwa ndugu. Katanga nako, katika miaka hiyo ya vita, Wazungu wa kampani walikuwa wakijiunga katika chama chao cha kudai haki. Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha namna hiyo. Ruhusa hiyo haikuja hata mwaka wa 1946, tena ilikuja imefungwa kwa masharti mengi. Kwa hiyo mwenye neno la kudai hakuwa na mlango wa kupigia hodi.

Siku ya Jumatano, tarehe 3 Desemba 1941, mgomo ulianza. Wafanya kazi walidai ujira wao upandishwe kutoka faranga 1.50 hadi faranga 2. Siku ya pili yake watu 1,400 walikuwa wameacha kazi. Moto huo ulienea kutoka kambi hata kambi, na kufikia tarehe 9 mahali pote pa kampani palikuwa pameguswa. Wakubwa wa serikali na wa kampani waliwasihi watu warudi kazini, wakawatisha pia. Watu hawakurudi. Huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, askari waliwapiga risasi waliogoma, wakafa watu 15.

Yafaa msomaji afikiri juu ya askari wale pia. Mwezi wa Julai mwaka ule ule jeshi la Kongo lilikuwa limeshinda vita kule Uhabeshi. Jemadari wa Waitalia na maelfu ya watu wake walisalimu amri Saio. Waafrika wa Kongo walisifiwa sana kwa ushindi huo. Miezi mitano baadaye, jeshi la bendera ile ile liliamriwa kuwapiga Waafrika wa Kongo waliochimba shaba ya vita ile ile. Mmoja alishika bunduki na mwingine sururu, na wote wawili walikuwa wakiwatumikia wakubwa wamoja.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Desemba, wagomaji wa Elisabethville waliitwa katika uwanja wa mpira ili mashauri yafanyike. Mpoyi alikuwa mnenaji wao. Aliyekuja kwa upande wa serikali alikuwa gavana wa Katanga, Bwana Amour Maron, pamoja na askari. Gavana aliwaahidi watu mambo kadha wa kadha, na katika hayo nyongeza ya mshahara ya 30 katika kila 100. Wagomaji walikataa.

Hapa baadhi ya wasomaji watasema kwamba walikosa busara. Na tufanye hesabu. Kuongeza nusu faranga juu ya faranga moja na nusu ni kuongeza theluthi moja. Nyongeza ya 30 katika 100 ni santimu 45. Basi kati ya ombi na ahadi palikuwa na santimu tano tu. Je, watu hufa kwa santimu tano? La, hawakufa kwa hizo. Mtu hukataa ahadi nzuri anapokuwa hana imani na mwenye kuahidi. Watu wale walikuwa na mambo mengi moyoni kuliko ujira: kutengwa na kudharauliwa kwa sababu ya rangi, sheria ya kuwafunga waachao kazi, na maiti za ndugu zao wa Jadotville. Ahadi ya mdomo iliyotolewa uwanjani, askari wakiwa wamesimama na bunduki, haikuwa na karatasi wala chama cha kuilinda. Wakirudi kazini leo, kesho ni nani atakayemwuliza gavana habari ya ahadi yake? Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wengi walioandika habari za siku ile wasimulia kwamba gavana mwenyewe, kwa mkono wake, alimpiga Mpoyi risasi, akaanguka akafa. Kisha gavana akawaamuru askari wapige, nao wakapiga katika mkutano. Watu walikimbia huku na huku, lakini uwanja wa mpira si mahali pa kujificha. Serikali ilitaja hesabu ndogo ya waliokufa. Waliochunguza mambo hayo baadaye wamekadiria kwamba katika mgomo wote walikufa watu kati ya 60 na 70, na wengine wasema zaidi. Tarehe 10 Desemba wachimbaji walirudi kazini. Siku hizo ulimwengu wote ulikuwa ukisikia habari za Wajapani walioshambulia meli za Marekani huko Pearl Harbor tarehe 7, na habari za Elisabethville zilifunikwa chini ya kishindo hicho.

Hivyo ndivyo alivyokufa Léonard Mpoyi. Aliitwa kwenye mashauri, akaenda. Hili twalitaja kwa makusudi, kwa kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika habari zake. Kwa desturi zetu za Kiafrika, mjumbe hauawi. Hata watu wawili wenye vita kubwa, mmoja akituma mtu kwa maneno, mtu yule hula, hulala, hurudi salama. Anayemwua mjumbe hakumnyamazisha mtu mmoja tu. Ameliharibu neno lenyewe, na tangu siku hiyo hapana atakayekuja tena kwa maneno.

Na mambo yaliyofuata yalionyesha hivyo. Mwezi wa Februari 1944 askari wa Luluabourg, katika nchi ya Kasai, waliasi. Mwaka huo huo watu wa Masisi na Lubutu waliinuka. Mwezi wa Novemba 1945 wafanya kazi wa bandari ya Matadi waligoma, na damu ikamwagika huko pia. Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960, na mwaka wa 1967 serikali mpya ikaichukua mali ya Union Minière. Jina la Elisabethville liliondolewa mwaka wa 1966. Lakini watu wa kambi za shaba hawakumsahau Mpoyi. Mchoraji mmoja wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora picha nyingi za historia ya nchi yake kati ya mwaka wa 1973 na 1974 na kuzieleza kwa Kiswahili, aliyatia mauaji ya wachimbaji miongoni mwa picha zake. Hivyo wasiojua kusoma walipata kuona jambo ambalo vitabu vya shule za Wabelgiji havikulifundisha.

Sasa na tulinganishe na mambo ya kwetu. Mwezi wa Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo wao ulifuata njia ya reli ukapanda bara, ukafika hata Kongwa, ambako kazi ya mashamba makubwa ya karanga ilikuwa imeanza mwaka ule ule. Madai yao hayakuwa mbali na yale ya Katanga: bei zimepanda kwa sababu ya vita, na ujira haununui tena unga na nguo. Lakini mambo hayakwenda kama Elisabethville. Mwamuzi aliwekwa, maneno ya pande mbili yakasikilizwa, na wachukuzi wakaongezewa ujira. Nao wakaunda chama chao. Hatusemi kwamba kwetu watu walikuwa wema na huko wabaya, maana mwaka wa 1950 mgomo mwingine wa bandari ya Dar es Salaam uliingia ghasia na damu, na chama kile kikavunjwa. Twasema hivi tu: palipokuwa na mtu wa kusikiliza, watu walizungumza, na palipokosekana masikio, mikono ndiyo iliyonena.

Tena twaona hatari ya aina nyingine, nayo yawahusu hasa watu wa Kanisa. Katika kambi za Katanga palikuwa na makanisa na shule, na wengi wa wafanya kazi walikuwa Wakristo waliobatizwa. Walifundishwa utii, na utii ni jambo jema. Lakini mchungaji akiwafundisha kondoo utii peke yake, wala asimwonye mwenye kondoo juu ya malisho na maji, amefundisha nusu ya neno. Katekista na asome mwenyewe Waraka wa Yakobo, sura ya tano, mstari wa nne, habari za ujira uliozuiliwa. Na Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya ishirini na moja, habari za shamba la Nabothi. Ataona kwamba Mungu hakuanza leo kuhesabu mishahara, wala hakuanza leo kuwauliza watawala habari za damu.

Na aliye mkubwa wa kazi, awe mwenye shamba, au mnyapara, au mzee wa kanisa mwenye watumishi nyumbani, asiseme kwamba habari za gavana hazimhusu. Maron alikuwa na askari. Wengine wana neno la kumfukuza mtu, nalo latosha kumnyima mtoto chakula. Akijiwa na mtu mmoja anayenena kwa niaba ya wengi, asimtazame kama adui. Mtu huyo amembebea neno ambalo lingaliweza kuja kwa njia nyingine mbaya zaidi. Ampe kiti, amsikilize mpaka mwisho, na akikataa ombi lake amweleze sababu. Na akiahidi, aandike.

Naye aliyechaguliwa na wenzake kuwa mnenaji ajue kwamba amechukua mzigo. Atalaumiwa na wakubwa kwa kusema sana, na wenzake kwa kusema kidogo. Mpoyi aliuchukua mzigo huo mpaka katikati ya uwanja, hakukimbia, wala hakuwauza wenzake kwa nyongeza yake mwenyewe. Hakuacha mali wala kitabu. Aliacha mfano wa mtu aliyesoma, naye hakuitumia elimu yake kupanda juu ya mabega ya wasiosoma. Vijana wetu wanaotoka shuleni na kuingia katika maofisi na viwanda wangefanya vema kumjua.